Nyumba Katika Nchi ya Jua Kali

Ndugu zetu wengi wafanyao kazi mahali penye jua kali na mvua haba waijua taabu ya nyumba ya mabati. Ifikapo adhuhuri mtoto hawezi kulala ndani. Na usiku, wakati nje kumekwisha kupoa, ndani bado kunafukuta. Hata hivyo nyumba hiyo ndiyo iitwayo ya kisasa, na ile ya udongo aliyoijenga babu huitwa kibanda. Sisi twaona kwamba majina haya mawili yamewagharimu wafanyakazi na wakulima fedha nyingi na usingizi mwingi, nasi twataka leo kuyachungua kwa kutazama nchi ya wenzetu wa Misri, ambayo karibu yote ni jangwa.

Huko Aswan joto la mchana wakati wa kiangazi hupita digrii 40, na mvua ni kama hakuna. Lakini mbingu ya jangwa haina mawingu, na jua likizama nchi hupoa upesi. Mafundi wa Nubia walilijua jambo hili tangu zamani. Ukuta wao wa matofali mabichi, yaliyokaushwa juani, wenye unene wa karibu nusu mita, hulichelewesha joto la mchana kwa saa nyingi, hata lifikapo upande wa ndani ni usiku, na wenye nyumba wamekwisha kutoka kulala uani. Ua wenyewe, uliozungushiwa vyumba, huiweka hewa baridi ya usiku mpaka mchana uwe umepanda. Madirisha ni madogo, nayo yako juu. Na kwa kuwa mbao ni haba, paa hujengwa kwa matofali yale yale kwa umbo la tao: fundi huegemeza safu ya kwanza juu ya ukuta wa mwisho wa chumba, na safu ya pili juu ya ile ya kwanza, pasipo kuhitaji hata ubao mmoja wa kushikilia kazi yake. Karibu na Luxor, katika hekalu la Farao Ramesses wa Pili, yako maghala ya matofali mabichi yenye matao, nayo yana umri wa yapata miaka 3,200. Baadhi ya matao hayo yasimama hata leo. Mwenye kusema kwamba udongo haudumu na aende akayatazame.

Msanifu majengo Hassan Fathy, Mmisri aliyefariki mwaka 1989, aliupenda ustadi huo wa Wanubi na kuufuata maisha yake yote. Katika miaka ya 1960 vilijengwa huko Cairo vyumba vya majaribio, kimoja cha matofali ya udongo na kingine cha zege, vikapimwa mwezi wa Machi. Katika chumba cha udongo joto halikupanda wala kushuka kupita digrii 2 mchana kutwa na usiku kucha. Katika kile cha zege lilifika digrii 36, yaani digrii 13 zaidi ya chumba cha udongo, na digrii 9 zaidi ya nje penyewe! Mfanyakazi anayeishi katika chumba cha namna hiyo hana budi kununua mashine ya kupoza hewa, na kila mwezi alipe umeme ili kuondoa joto aliloletewa na kuta alizozilipia kwa jasho lake.

Lakini tusidhani kwamba udongo peke yake watosha. Mwaka 1945 Fathy alipewa kazi ya kujenga kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor, kwa ajili ya watu wapatao 7,000 waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale, ambao serikali ya wakati ule ilitaka wahame. Nyumba alizozijenga zilikuwa na ua, matao na hewa safi. Wenyeji wengi walikataa kuhamia. Riziki yao ilikuwa kule juu mlimani, na uamuzi wa kuhama haukuwa wao. Baada ya miaka michache kazi ikasimama bila kumalizika.

Kisha likaja Bwawa Kuu la Aswan. Bwawa lile lilikuwa fahari ya Afrika nzima, nasi hatumlaumu Rais Nasser kwa kulijenga. Lakini kati ya mwaka 1963 na 1964 Wanubi wa Misri wapatao 50,000 walihamishwa kutoka ukingoni mwa Nile wakapelekwa Kom Ombo, katika nyumba zilizopangwa safu kwa safu kama askari kwenye gwaride. Nyua zilikuwa finyu, na kuta na mapaa yalishika joto. Tena nyumba ziligawanywa kwa hesabu ya vyumba: za chumba kimoja mtaa mmoja, za vyumba vinne mtaa mwingine. Hivyo mzee aliyebaki peke yake alitengwa na wanawe na wajukuu, ambao kule kwao walikuwa wakimletea chakula kwa kuvuka ua tu. Aliyechora ramani ile hakuwa mtu mbaya. Alihesabu vyumba, hakuhesabu jamaa. Haukupita muda mrefu Wanubi wakaanza kuzigeuza nyumba zile kwa mikono yao wenyewe, wakaongeza vibaraza vya udongo mlangoni na kupamba kuta.

Mambo haya yatuhusu. Mwaka 1977, alipopima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba watu wanakataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, wakingojea mabati na ule udongo wa Ulaya, ndiyo saruji. Leo tena yajulikana kwamba utengenezaji wa saruji hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na kazi za binadamu, na kwamba tofali la kuchoma nalo hula miti. Bali tofali la kukausha juani halidai hata kuni moja. Dodoma si jangwa, lakini ni nchi kavu, na tembe la Wagogo, lenye kuta nene na paa la udongo, lilijengwa kwa akili ile ile ya kushindana na jua. Tembe huvuja wakati wa masika, na mchwa hula miti yake, hatufichi. Hizo ni kasoro za kurekebishwa kwa msingi wa mawe na paa lililo bora, wala si sababu ya kulidharau. Ndugu zetu wa Pwani nao wasituelewe vibaya: kwao hewa ni ya unyevu na usiku haupoi sana, basi nyumba yao yataka upepo upite kati, si kuta nene.

Twataka basi kwamba kila mahali panapojengwa nyumba za wananchi katika nchi kavu, iwe ni za serikali, za shirika au za ushirika, ramani ipelekwe kwanza katika mkutano wa watakaokaa humo, kabla tofali la kwanza halijawekwa, na akina mama waulizwe jiko likae upande gani wa upepo, bibi alale karibu na nani, na ua uwe mkubwa kiasi gani hata jamaa wote waweze kutandika mikeka usiku wa joto.