Maumivu ya Kiuno si Uvivu

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu niseme juu ya jambo ambalo wachezaji wengi hulificha, yaani maumivu ya kiuno. Sisemi kama daktari. Nasema kama mtu aliyekosa.

Mwaka jana nilikuwa kapteni wa timu ya bweni letu. Rafiki yangu mmoja, beki wa kati hodari, alianza kulalamika kwamba kiuno kinamuuma kila arukapo kupiga mpira wa kichwa. Mashindano ya mabweni yalikuwa karibu, nami nilitaka kikombe. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba anakimbia mazoezi kwa kuogopa baridi ya Juni. Wote wakacheka. Usiku alimwomba mwenzetu amkanyage mgongo, na siku ya mechi akameza vidonge vya kutuliza maumivu, akaingia uwanjani. Alicheza mechi tatu namna hiyo. Ya nne hakuimaliza. Tulimtoa tukimshika mabegani. Alipopigwa picha hospitalini ilionekana kwamba pingili moja ya kiuno imeingia ufa. Kikombe tulikipata. Yeye alikaa miezi minne bila kugusa mpira.

Tangu hapo nimejitahidi kusoma na kuuliza. Twadhani maumivu ya mgongo ni ya wazee, sivyo. Kiunoni tuna pingili 5, nazo hubeba uzito wa sehemu yote ya juu ya mwili. Mifupa ya kijana bado yakua, haijawa migumu kama ya mtu mzima. Beki apindapo mgongo nyuma ili apige kichwa, au msichana ajikunjapo kupiga mpira wa wavu kwa nguvu, mzigo huangukia pingili za chini, hasa ile ya 5. Mfano wake ni waya: ukiukunja mara moja haukatiki, lakini ukiukunja na kuukunjua kila siku hukatika. Tena kwetu sisi kazi ya mgongo haiishi filimbi ikilia. Bado kuna ndoo ya maji, jembe, na saa nyingi za kuinamia daftari.

Sisemi kila kiuno kiumacho kina ufa. Maumivu mengi ni ya misuli tu, nayo hupungua mtu akipumzisha michezo kwa siku chache. Wala haifai alale kitandani kutwa, maana kutembea polepole humsaidia. Lakini maumivu yakizidi apindapo nyuma, au yakiendelea majuma mawili, aende hospitali. Akipata ganzi miguuni au akishindwa kuzuia mkojo, asingoje hata siku moja. Homa, kukonda, na maumivu yamwamshayo usiku ni mambo ya daktari pia, kwa kuwa kifua kikuu nacho huweza kushika uti wa mgongo.

Kwa nini basi twaficha? Kwa sababu wengi wetu twaota kuchaguliwa timu ya Wilaya ya Wanging'ombe, kisha ya Mkoa wa Njombe, tucheze UMISSETA. Mchezaji huona kwamba akisema anaumwa, nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Huenda msomaji atasema kwamba wavivu nao watapata kisingizio. Kweli, huenda. Lakini ni heri tudanganywe na wavivu wawili kuliko kumuumiza msema kweli mmoja. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2014, Neymar wa Brazili alipigwa goti mgongoni katika mechi na Kolombia, akavunjika pingili ya kiuno. Hakucheza tena mashindano yale, ingawa timu yake ilifungwa 7-1 na Ujerumani katika nusu fainali. Ikiwa Brazili waliweza kucheza nusu fainali bila Neymar, sisi twashindwaje kucheza kombe la mabweni bila beki mmoja?

Kwa hiyo natoa maoni matatu. Kwanza, tuache desturi ya kuanza kupiga mashuti mwili ukiwa bado wa baridi. FIFA ina mpango wa mazoezi ya kupasha mwili wa dakika 20 hivi, uliotolewa tangu mwaka 2006, nao hautaki chombo cha fedha nyingi. Ndani yake mna zoezi la kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka, ambalo huimarisha tumbo na mgongo. Pili, mchezaji aumwaye kiuno asamehewe jembe na ndoo mpaka apone, na tusimkanyage mgongo. Tatu, kapteni asiwe na amri ya kumlazimisha mgonjwa acheze. Neno hilo liwe la mwalimu wa michezo, naye aandike majina ya waumwao katika daftari.

Rafiki yangu amerudi uwanjani muhula huu. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka, kwa maana hapo ndipo nilipomwita mvivu. Nawasihi makapteni wenzangu msingoje kujifunza kama nilivyojifunza mimi.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV,
Kidugala