Damu ya Kuazima

Ndugu zangu wa pande zote za bahari,

Mwezi uliopita kijana mmoja wa ukoo wetu alipeleka mate yake kupimwa vinasaba, akaletewa jawabu kwa asilimia: kiasi hiki Uarabuni, kiasi hiki Afrika Mashariki. Sasa yeye na wenzake wanataka niandike asilimia hizo mbele ya kila jina katika mti wa nasaba yetu. Nimekataa, na ni haki yenu kujua sababu. Nitaianzia mbali, kwenye filamu.

Filamu yenyewe ni Gattaca, iliyoandikwa na kuongozwa na Andrew Niccol, ikatoka mwaka 1997. Jina hilo limeundwa kwa herufi G, A, T na C, ambazo wataalamu hutumia kuandikia vinasaba. Katika dunia yake, wazazi huchaguliwa mtoto bora maabarani. Vincent hakuchaguliwa. Alipozaliwa tu, tone la damu lilitoa hukumu: moyo dhaifu, umri wa miaka 30 hivi. Baba yake alikuwa ameazimia kumpa jina lake mwenyewe, Anton. Aliposikia hukumu ile akageuza, akamwita Vincent, na jina lake akamwekea mtoto wa pili, yule wa maabara. Sisi tunaobeba majina ya mababu tunajua uzito wa kunyimwa jina.

Vincent anaanza kwa kusafisha sakafu na kuishia kurushwa angani kuelekea Titan, mwezi wa Zohali. Watazamaji wengi husema funzo lake ni moja: penye nia pana njia. Mimi naona maneno hayo ni nusu ya ukweli. Nia Vincent alikuwa nayo tangu utoto, na mlango haukufunguka. Ulifunguka alipoazima damu, mkojo na nywele za Jerome, muogeleaji wa mbegu teule aliyepata nishani ya fedha na asiweze kuvumilia kuwa wa pili. Ukafunguka tena mwishoni, pale daktari aliyemtambua alipoamua kunyamaza, kwa sababu mwanawe mwenyewe hakutoka kama walivyoahidiwa. Na katika dunia ile sheria inakataza ubaguzi wa vinasaba, ila hakuna anayeijali. Nia ilimfikisha Vincent mlangoni. Waliomfungulia ni watu.

Mlango kama huo tulikuwa nao nyumbani. Miaka ya sabini, hapa Maskati, shangazi yangu aliposwa na mwalimu mwenye dini na adabu. Wazee hawakuuliza tabia yake wala kazi yake. Waliuliza babu yake ni nani. Jawabu likarudi kwa maneno mawili: si kufu. Shangazi hakuolewa tena hadi alipofariki. Nia aliyokuwa nayo haikumfaa kitu, maana hakupata wa kumfungulia.

Na wazee wale wale, mama za bibi zao walikuwa nani? Katika karatasi zetu, mahali pa wanawake kadhaa pameandikwa neno moja tu, suria, bila jina. Si aibu ya kwetu peke yetu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Ukoo ulihesabiwa kwa baba, na mama akafutwa.

Sisemi kwamba damu ni hadithi. Selimundu imo katika nyumba zetu, na wachumba kupimwa kabla ya ndoa ni hekima. Lakini kipimo cha daktari huuliza namna ya kumlinda mtoto. Asilimia mbele ya jina zitauliza nani akae mbele na nani akae nyuma. Tulishawahi kuwa na kipimo hicho, na shangazi yangu alikilipia.

Kwa hiyo mti wetu utabaki bila asilimia. Badala yake nawaombeni jambo gumu zaidi: waulizeni wakongwe waliobaki majina ya bibi zetu waliofutwa, walitoka wapi, walipika nini, waliimba nini. Nileteeni japo jina moja. Nafasi zao nimeziacha wazi.