Michezo ya Kale ya Nyambizi: Uzuri Wake na Kasoro Zake



Huenda katika nyumba yako yuko kijana, au pengine ni baba mwenye nyumba arudipo kazini jioni, ambaye huketi mbele ya kompyuta akitazama bahari tupu ya usiku. Robo saa yapita, wala hajabonyeza kitu. Ukimwuliza, "Wafanya nini?" atakujibu, "Nangojea meli." Usimcheke. Huyo anacheza mchezo wa nyambizi, nao ni mchezo usiofanana sana na ile mingine ya kurukaruka na kupiga risasi ovyo. Juma hili tuupime pamoja, kama mtu apimavyo nazi sokoni: aitikise asikie maji yake, kisha aigeuze aone kama haina ufa.

Nyambizi ni manowari iwezayo kuzama na kusafiri chini ya maji. Michezo ya kumfanya mtu awe nahodha wake si mipya. Mwaka 1985 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Silent Service, kazi ya Sid Meier, juu ya nyambizi za Marekani katika vita na Japani. Mwaka 1994 kampuni ya Dynamix ikatoa Aces of the Deep, juu ya nyambizi za Ujerumani katika Bahari ya Atlantiki. Mwaka 2005 ukaja Silent Hunter III, uliotengenezwa na mafundi wa Ubisoft katika nchi ya Romania. Mipya imekwisha kutoka, kama vile Cold Waters wa mwaka 2017, lakini wako watu ambao hadi leo hawaiachi ile ya zamani. Lazima wameona kitu ndani yake. Ni kitu gani?

Kwanza ni subira. Nyambizi za zama zile zilikwenda juu ya maji kwa injini za dizeli, na chini ya maji kwa nguvu ya betri. Nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VII, ambayo ndiyo iliyoundwa kwa wingi kuliko zote, iliweza kwenda kiasi cha maili 17 za baharini kwa saa ikiwa juu, lakini ikizama haikuzidi maili 7 au 8. Na ikienda hivyo, betri zilikwisha upesi. Basi mchezaji ajifunza jambo la ajabu: yeye ni mwindaji aliye polepole kuliko windo lake. Hawezi kulikimbiza. Yampasa akisie njia ya meli, atangulie mbele, kisha atulie. Akiwa na pupa, meli humpita na kwenda zake. Mvumilivu hula mbivu, nasi twawaambia watoto hivyo kila siku. Hapa mtoto ayaona maneno hayo kwa macho yake.

Pili ni hesabu. Topido, yaani kombora lipitalo majini, halielekezwi mahali meli ilipo, bali mahali itakapokuwa. Kwa hiyo nahodha sharti ajue mambo matatu: umbali wa meli, mwendo wake, na upande inakoelekea. Chukua mfano. Nyambizi imesimama kimya, na meli yenye urefu wa mita 120 inapita mbele ya darubini yake. Tangu omo ya meli ifike kwenye mstari wa katikati ya kioo, hata tezi yake iuache mstari huo, zimepita sekunde 40. Gawanya 120 kwa 40: meli yaenda mita 3 kila sekunde, nazo ni karibu maili 6 za baharini kwa saa. Michezo hii humruhusu mtu aiachie kompyuta hesabu hizo, au azifanye mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Mwambie mwanao azifanye mwenyewe. Mtoto alalamikaye kwamba hesabu za shule hazina kazi, kazi yake ataiona hapo.

Tatu, michezo hii yafundisha kuamua jambo bila kulijua lote. Chini ya maji hakuna dirisha. Nahodha husikia tu sauti ya mapanga ya meli, naye akitaka kusikia vema sharti apunguze mwendo wake mwenyewe, maana kelele ya mashine zake humziba masikio. Tena hata akifanya kila kitu sawasawa, huenda asifaulu. Katika miaka ya kwanza ya vita topido nyingi za Wamarekani zilikuwa mbovu: nyingine zilipita chini mno, nyingine ziligonga meli zisilipuke. Silent Service haukulificha jambo hilo. Mchezaji aliyepanga kwa saa nzima asikia kombora lagonga chuma, kisha kimya. Ni somo chungu, lakini ni kweli ya dunia.

Nne, kwa wazazi wenye kuangalia mfuko: mingi ya michezo hii huchezwa na kompyuta ya bei nafuu, hata ya mtumba, wala haili bando la intaneti. Hakuna mgeni asiyejulikana atakayezungumza na mtoto wako, wala hakuna duka ndani ya mchezo limshawishialo anunue silaha kwa fedha za simu ya mama yake. Katika siku zetu hilo si jambo dogo.

Huo ndio uzuri wake. Sasa tugeuze nazi upande wa pili.

Kasoro ya kwanza ni kuuwasha wenyewe. Utadhani mchezo ukiwa mkongwe zaidi ndio usumbuao zaidi, lakini sivyo. Ile ya miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 huchezwa bila taabu kubwa kwa msaada wa DOSBox, programu inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ya kale. Inayosumbua ni ile ya umri wa kati. Diski za Silent Hunter III zilitiwa kufuli la kuzuia wizi, na kompyuta za siku hizi zalikataa kufuli hilo. Mtu anayo diski yake halali aliyoinunua kwa fedha zake, na mchezo haufunguki. Silent Hunter 5, uliotoka mwaka 2010, ulidai kompyuta iwe imeunganishwa na intaneti muda wote wa kucheza, hata kwa mtu achezaye peke yake. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza kwanza: chapa hii yafanya kazi katika kompyuta mpya, au sivyo?

Kasoro ya pili ni ugumu wa kuanza. Michezo hiyo ilitolewa na vitabu vya maelezo, navyo ni vya lugha ya kigeni. Vibonye ni vingi, na mchezo wenyewe haumshiki mtu mkono. Asiyesoma kitabu atazama siku ya kwanza, na ya pili, kisha atachoka. Heri mkubwa na mdogo wakae pamoja, mmoja asome na mwingine ashike usukani.

Kasoro ya tatu ni kwamba adui wa kompyuta za zamani hana akili nyingi. Mchezaji akiisha kuzijua mbinu za manowari za ulinzi, azikwepa zile zile kila mara kwa njia ile ile, na hofu yote huisha. Isitoshe, akikaribia kufa huurudisha mchezo nyuma na kuanza tena. Manahodha wa kweli hawakuwa na kibonye hicho. Kati ya Wajerumani kama 40,000 waliotumika katika nyambizi, wapatao robo tatu hawakurudi. Wamarekani nao walipoteza nyambizi 52 na watu zaidi ya 3,500. Katika mchezo mtu hufanya safari ishirini na kuvikwa nishani; katika bahari ya kweli wengi hawakuzifikia safari tano.

Lakini kasoro kubwa, msomaji, ni ya nne, nayo haitengenezwi na fundi yeyote. Katika Silent Hunter III mabaharia wa nyambizi yako wana majina. Wana vyeo, huchoka, hujeruhiwa. Ila watu wa ile meli iliyo juu hawana jina hata mmoja. Meli ikizama, mchezo hukuandikia tani zake. Na meli kubwa iliyochukua askari ndiyo tunu, kwa kuwa tani zake ni nyingi.

Tuitazame meli moja ya namna hiyo, iliyotoka katika pwani yetu. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail, nayo ilichukua watu zaidi ya 1,500. Wengi walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa huku kwetu. Walikuwamo pia wanawake wengi, hasa wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa dakika chache mno, na wengi waliokuwa chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, ziliona hazina budi kutupa mabomu ya majini hapo hapo ili nyambizi isiziponyoke na kwenda kuzipiga meli nyingine. I-27 ilizamishwa siku ile ile. Jumla ya watu waliokufa katika Khedive Ismail ni 1,297, na kati yao wanawake walikuwa 77.

Sasa fikiri mchezo ungeliandikaje jambo hilo. Ungeandika: tani 7,500. Basi.

Je, nasema michezo hii ichomwe moto? La. Kijana aliyeucheza vizuri atafahamu zaidi kuliko wengine kwa nini nahodha wa Petard aliona vigumu siku ile, maana amekwisha kujua jinsi nyambizi iwezavyo kupotea chini ya maji ikiachwa kidogo tu. Mchezo wamfundisha kazi ya chombo. Habari za watu ni juu yetu sisi kumfundisha, hasa pale mchezo umwekapo upande wa Ujerumani ya Hitler bila kumweleza sawasawa Hitler alikuwa nani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa jamaa zenye mchezo huu nyumbani ni mdogo. Mtoto asiyejua bado tofauti ya mchezo na vita, angoje akue. Aliyekua, na aucheze, lakini kwa saa zilizopangwa, maana mchezo wa kungojea hula usiku mzima bila mtu kutambua. Hesabu azifanye mwenyewe kwa kalamu. Kibonye cha kurudisha nyuma asikiguse: nyambizi yake ikizama, safari imekwisha, aanze na nyingine kesho. Na kila azamishapo meli, mwulize maswali matatu kabla hajaandika tani zake: ilitoka bandari gani, ilichukua nini, na ndani yake walikuwamo watu wangapi? Asipojua, aende akasome. Meli nyingi za kweli za vita ile zimeandikwa habari zake, na majina ya watu wake yamehifadhiwa.

Na kama katika ukoo wenu yuko babu aliyekwenda vitani mwaka ule kwa njia ya Kilindini asirudi, mtajie kijana jina lake.