Pua Iliyopimwa Siku ya Kurudi

Kuanzia tarehe 26 Januari 2021, serikali ya Marekani ilimtaka kila msafiri aliyeingia nchini humo kwa ndege kutoka ng'ambo, mwenye umri wa miaka 2 na zaidi, aonyeshe cheti cha kipimo cha korona kilichofanywa ndani ya siku 3 kabla ya safari, au hati ya kuthibitisha kwamba aliugua akapona. Tarehe 6 Desemba mwaka uleule, virusi vya aina ya Omicron vilipoanza kuenea, siku 3 zikawa 1. Amri hiyo iliondolewa tarehe 12 Juni 2022. Mtasema, vijana wapendwa: jambo limekwisha pita, nasi wa parokia za Kongo latuhusu nini? Latuhusu kwa ajili ya watu ambao amri ile haikuwataja.

Tutazame Cozumel, kisiwa cha Meksiko katika bahari ya Karibi. Wageni wengi huenda huko kuzamia: humfunga mtu mtungi wa hewa mgongoni, akashuka chini kutazama matumbawe na samaki. Meksiko haikudai kipimo kwa anayeingia. Basi mgeni aliweza kufika na ugonjwa wake uliojificha, akaketi mashuani bega kwa bega na nahodha, wala asiulizwe neno. Ilipokaribia siku ya kurudi, ndipo pua yake ilipotafutwa. Hoteli nyingi za upande ule zilileta wapimaji hadi uani kwao, mgeni asije akakosa ndege. Nahodha alirudi kwake jioni, kwa mke na watoto na labda mama mzee, bila cheti chochote cha mtu aliyeketi naye mchana kutwa.

Simlaumu mtu kwa kupumzika, wala sisemi kwamba nchi haina haki ya kulinda watu wake. Ninachosema ni kwamba sheria yaweza kuwa halali na bado ikamwacha jirani nje. Hapo ndipo dhamiri ya Mkristo inapoanza kazi yake.

Wazamiaji wenyewe wanatupatia ushahidi. Chini ya maji, nitrojeni iliyomo katika hewa wanayovuta huyeyuka ndani ya miili yao. Akipanda ndege upesi mno, shinikizo la hewa hupungua, nitrojeni hugeuka viputo, navyo vyaweza kumpooza mtu au hata kumwua. Kwa hiyo aliyezamia mara nyingi kwa siku kadhaa huonywa angoje angalau muda wa saa 18 kabla ya kuruka. Hakuna askari wa uwanja wa ndege anayemwuliza alitoka majini lini. Hakuna cheti. Hata hivyo hungoja, tena kwa utii mkubwa, maana maumivu yatakuwa yake. Kwa ugonjwa ambao maumivu yake huenda yakamwangukia mwingine, mtu yuleyule alihitaji amri ya serikali.

Tena mashua ya wazamiaji si mahali pa kukaa mbalimbali. Kwa desturi, mzamiaji hutema mate ndani ya kioo cha uso wake kisifanye ukungu, kisha hukisuuza katika ndoo moja inayotumiwa na wote. (Naam, ndoo moja!) Wakati wa janga walionywa waache desturi hiyo. Mtumishi anayefunga vifaa, anayewavuta wageni kutoka majini na kuwapa maji ya kunywa, huishi katikati ya pumzi zao.

Na uongo nao ulipata soko. Mnamo Februari 2021, Europol, shirika la polisi la Ulaya, lilionya juu ya biashara ya vyeti bandia vya kipimo. Aliyenunua cheti kama hicho alijiona amewashinda maofisa; kumbe aliyedanganywa ni abiria wa kiti cha pili.

Sisi wa mashariki ya Kongo hatukungoja korona ili tujifunze. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, tulinawa mikono na kupimwa joto kwenye barieri za Goma. Wengi walinung'unika, na foleni zilichosha kweli. Lakini aliyevuka kwenda Gisenyi alipimwa kwa ajili ya wale aliowaendea pia, si kwa ajili ya kurudi kwake tu. Halafu Machi 2020 mpaka ukafungwa, na akina mama waliovuka kila siku na bidhaa kichwani wakajua bei ya kujikinga kuliko mtalii yeyote.

Mwezi uleule, tarehe 27, Baba Mtakatifu Fransisko alisimama katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro chini ya mvua, akatafakari dhoruba ya baharini katika Injili ya Marko. Katika mtumbwi ule wanafunzi wote walitishwa na mawimbi yaleyale.

Kijana anayetoka Goma kwenda harusini Bukavu, akiwa na homa na kikohozi, pengine hataulizwa cheti bandarini. Atapewa nafasi yake botini, karibu na bibi mzee na mama mwenye mtoto mchanga. Mimi naona apige simu harusini, aombe radhi, atume mchango wake, abaki nyumbani hadi apone.