Akiba Yetu na Gari za Wageni



Katika mkutano uliopita ndugu mmoja alitoa shauri kwamba tutumie akiba ya chama kutengeneza kiwanja cha wageni wanaosafiri na gari zenye vitanda na jiko ndani. Amepata khabari kuwa huko mkoa wa Songwe kazi hiyo ina faida. Mimi napinga.

Huko ina maana. Mgeni atokaye Afrika Kusini kwa njia ya Zambia huingia Tanzania pale Tunduma, amechoshwa na foleni ya malori. Magharibi ikifika anataka pahala tambarare, maji, choo, kivuli na mlinzi. Mkulima wa kahawa wa Mbozi aliye kando ya barabara ya Mbeya akichimba choo na kupanua lango lipite gari refu, kazi imekwisha. Tena kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani kama 16 lililoanguka toka mbinguni, hakiko mbali. Mgeni atalala usiku wa pili.

Lakini Pemba gari ile ipite ikienda wapi? Wengi huiacha Dar es Salaam wakavuka na mkoba, na mwenye mkoba hutafuta kitanda.

Akiba ile tuliiweka kwa mwaka ambao mikarafuu haizai. Sote twaujua: wachumaji hawana kazi, majamvi yamekunjwa. Ndugu yetu ana shemeji Vwawa. Na amwandikie yeye.

Kura ni Jumapili baada ya alasiri. Mimi nitanyoosha mkono wa kukataa.

Katibu