Mwanamitindo asome chupa kabla ya kupaka

Msichana wa Mulekera akisema anataka kuwa mwanamitindo, ushauri wa kwanza anaopewa ni huu: "Ung'ae kidogo." Sote tunajua maana yake ni ajichubue. Mimi napinga ushauri huo, na nikiwa mwanafunzi wa lugha naona udanganyifu wake unaanzia kwenye neno lenyewe. Ngozi nyeusi iliyotunzwa hung'aa. Ni sisi tulioliacha neno "kung'aa" limaanishe weupe.

Ni kweli kwamba matangazo mengi bado hupendelea sura nyeupe. Lakini Alek Wek, mweusi tii, aliyeikimbia vita ya Sudan akiwa msichana, alikuwa kwenye jalada la jarida la Elle mwaka 1997. Mwaka 2007 Flaviana Matata wa Tanzania aliingia kumi bora ya Miss Universe akiwa amenyoa kichwa.

Utunzaji wenyewe hauhitaji kabati la chupa. Osha uso asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali. Paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Tunakaa karibu sana na ikweta, kwa hiyo jikinge na jua kwa kofia na kivuli, na ukiweza, kwa krimu yenye SPF 30. Usilale na mekapu, wala usitumbue chunusi. Kipodozi kipya kijaribu kwanza ndani ya mkono kwa siku chache.

Hatua inayosahaulika ni kusoma. Bidhaa nyingi za Beni hupitia mpaka wa Kasindi, na maandishi ya vipodozi huwa ya Kiingereza au Kifaransa. Mnunuzi huishia kutazama picha. Ajifunze basi maneno machache. "Mercury", "mercure" na "calomel" ni zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo; Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo. Wapo watengenezaji wasioiandika, ila onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au alumini huwaumbua. "Hydroquinone" ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi yenye rangi ya samawati, ambayo ni vigumu kuyaondoa. "Clobetasol" ni dawa ya magonjwa ya ngozi. Ikigeuzwa losheni ya kila siku huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta michirizi. Ngozi ya namna hiyo ndiyo atakayoipeleka mbele ya kamera?

Wapo watakaosema kila mtu ana uhuru juu ya mwili wake. Nakubali. Lakini anayepaka asichoweza kukisoma hajachagua. Amechaguliwa na muuzaji.

Hapo ndipo kitivo chetu kinapohusika. Tunafundishwa kutafsiri riwaya na hotuba, na ni vizuri. Napendekeza tutafsiri pia chupa: ukurasa mmoja wa Kiswahili na Kinande, wenye maneno haya kama yanavyoandikwa kwenye lebo na madhara yake, ubandikwe kwenye saluni na maduka ya dawa ya Mulekera. Mwalimu wa sayansi ya afya atukagulie, kisha tuuchapishe. Gharama yake ni karatasi na wino.