Mbwa mweusi akikuwa mwekundu, tusiseme haraka ni jua

Kiangazi ikifika, mwezi wa saba ao wa nane, wafugaji wanatuulizaka kitu kimoja: mbwa wangu alikuwa mweusi kama makala, sasa mgongo umekuwa rangi ya kahawa, ni nini? Nasi tulizoea kujibu mbio: ni jua, hakuna neno. Leo tunakubali kwamba jibu hilo lilikuwa nusu tu, na ile nusu tuliyoacha inaweza kumpotezea mwanakoperative mbuzi wake.

Jua linafanya hivyo kweli. Weusi wa nywele unatoka kwa rangi inayoitwa melanini. Mwangaza mkali unaivunja polepole, na unywele uliokwisha kutoka kwa ngozi ni kitu kilichokufa, hauwezi kujitengeneza tena. Mbwa anayelala mchana kutwa mbele ya nyumba anapauka mgongoni. Lakini mupindue, uangalie tumbo: huko ni mweusi. Fungua nywele za mgongo kwa vidole: ncha nyekundu, mzizi mweusi. Kama iko vile, muache. Manyoya mapya yakiota, weusi utarudi.

Wekundu ukishuka mpaka kwa mzizi, na tumboni pia, hapo tuache kulisingizia jua. Mwili unatengeneza melanini kutoka kwa protini, na kazi hiyo inaomba madini ya shaba. Mbwa anayekula bugali tupu kila siku atatoa wapi weusi? Wamama wanajua jambo hili kutupita sisi wenye diploma: mtoto wa bwaki nywele zake zinageuka nyekundu, na hakuna mama anayesema ni jua. Vichwa vya sambaza vinavyotupwa jikoni vingemfaa yule mbwa.

Kwa mbuzi na ng'ombe, shaba njo tunaogopa zaidi. Ng'ombe mweusi anaweza kupauka kuzunguka macho, kama aliyevaa miwani. Mbuzi anakonda, nywele zinakuwa kavu na ngumu, na jike anaweza kuzaa watoto wenye miguu ya nyuma isiyo na nguvu. Mwenyewe anangoja mvua irudi ili rangi irudi, kumbe mnyama anaisha. Minyoo pia inaweza kuleta sura kama hiyo, ndiyo maana macho peke yake hayatoshi kuamua.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative, siku ya kupima uzito wa mifugo, komite ifungue pia nywele za kila mnyama mweusi aliyepauka. Haiombi franga hata moja. Akiwa mwekundu mpaka kwa mzizi, aitwe veterineri.

Lakini tusikie mtu amechota ile sulfati ya bluu ya kupuliza kahawa na kuitia kwa maji ya mifugo! Shaba ikizidi ni sumu. Kondoo ndiye wa kwanza kuumia: inajikusanya ndani ya maini kimya kimya wiki nyingi, halafu asubuhi moja unamkuta amekufa.